Pole kwa Mchungamajani

Mchungamajani alikuwa na mikono kumi na miwili, na tangu atengenezwe hakuna hata mmoja uliowahi kukaa bure. Alitambaa juu ya bwawa kama buibui mwenye madeni, akinyonyoa majani yaliyozeeka, akitenganisha mimea iliyobanana, akiinua mizizi na kuipulizia mbolea ya ukungu.

Bwawa lenyewe lilikuwa tumboni mwa chombo Songambele, kilichokuwa njiani kuelekea nyota ya mbali. Na mimea, msicheke, ilikuwa magugu maji. Yale yale! Yale ambayo kule Ziwa Viktoria watu waliyafyeka kwa mapanga, wakayamwagia wadudu wa kuyatafuna, wakayatukana hadi matusi yakawaishia. Humu kila jani lilipanguswa kwa pamba, maana ndiyo yaliyosafisha maji na kutoa hewa ya abiria wote, waliolazwa usingizi wa safari kila mmoja ndani ya sanduku lake la baridi.

Aliyekuwa macho ni mmoja tu: Magesa, mtunza bwawa, mgane wa Ukerewe. Aliomba zamu hiyo kwa sababu nyumbani kwake palishakuwa kimya. Hakujua kwamba kimya kina kaka yake mkubwa, na kwamba anaishi huku juu.

Sasa majani yakaanza kugeuka manjano. Mizizi ikaoza, maji yakanuka, na Mchungamajani akawa anajivuta kama mtu aliyeshiba ugali wa muhogo. Taa za masanduku zilipoanza kuwaka nyekundu, Magesa akamwamsha mhandisi, ingawa aliyeamshwa njiani hawezi kukaa macho kwa muda mrefu.

"Babu, umeniamsha kwa ajili ya magugu?" Mhandisi Kabula aliuliza, meno yakimgongana.

"Yakifa haya, mjukuu wangu, hutaamka tena hata kwa ngoma."

Wakateremka bwawani. Magesa akampungia Mchungamajani mkono, akasema kama ilivyo desturi yake, "Pole na kazi, bwana."

Mikono ya mashine ikazidi kuzubaa. Kabula akageuka upesi.

"Umesema nini?"

"Nimemsalimu. Utampitaje mtu yuko kazini bila kumpa pole?"

"Hebu rudia."

"Pole na kazi."

Mikono yote ikasimama.

Kabula alicheka hadi akashika ukuta. "Babu! Huyu anajua amri tu. Hima ni kuongeza mwendo, pole ni kuupunguza. Unamwambia apunguze kazi, naye anakutii!"

"Aliyemfundisha ni mtu wa wapi huyo, asiyejua pole?"

"Ni mimi," Kabula akasema, kicheko kikamkauka. "Niliwaza mwendo. Salamu sikuiwaza. Kwani huwa unamwambia mara ngapi?"

"Kila nikipita."

"Na unapita mara ngapi?"

Magesa akatazama maji. "Nipite wapi kwingine?"

Kabula akaigeukia mashine. Akapaza sauti, "Hima!" na mikono kumi na miwili ikarukia kazi.

"Kung'oa neno moja kunataka muda, nami sina," akasema, tayari macho yanamlegea. "Nitamkata sikio tu."

"Akikatwa, atajua nimo humu?"

"Hatajua."

"Basi mwachie. Nitafunga mdomo."

"Si umwambie maneno mengine?"

"Nikiufungua, hilo ndilo litakalotangulia. Nalijua."

"Safari bado miaka mingi, babu. Utaweza?"

"Nilioa mwanamke wa maneno mengi. Nilishazoea kunyamaza."

Ulikuwa uongo mtupu; aliyezoea kunyamaza alikuwa marehemu mkewe. Lakini Kabula alikuwa ameshasinzia begani pake, naye akambeba, akamlaza, akafunga sanduku.

Majani yakarudi kijani, taa nyekundu zikazimika, hata maua ya zambarau yakachomoza. Kila siku Magesa alizunguka bwawa, midomo ameibana. Akifika karibu na Mchungamajani, alikuwa akiburuta kandambili zake sakafuni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Jicho moja la mashine lilimgeukia, likamtazama, kisha likarudi kwenye mizizi.