Aliyetia Dole

Wa kwanza kumwambia alikuwa mzee mwosha maiti, aliyekuja kufuata ndoo yake siku ileile mahakama ilipompa mumewe nyumba ya marehemu baba yake.

"Mwanangu," mzee alinong'ona mlangoni, "nilipomwosha mkweo, dole gumba lake lilikuwa na wino wa zambarau. Nilisugua mpaka nikaona haya. Haukutoka."

Mwanamke akakumbuka. Asubuhi ya msiba mumewe alijifungia chumbani na maiti ya baba yake kabla ya kuita watu. Yeye alisimama nje ya mlango, mtoto mgongoni, akidhani mwanamume analia.

Kumbe ndipo ilipozaliwa ile hati ya uwakili, iliyodai kuwa mkwewe, akiwa hai na akili timamu, alimruhusu mwanawe kuamua juu ya nyumba kwa niaba yake, naye akajiandikia nyumba kwa tarehe za kabla ya kifo. Wifi yake, aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, alipinga akashindwa. Hakimu alisema dole ni la marehemu, na hakuna shahidi wa kusema vinginevyo.

"Dole moja limewalaza mawakili wote wa dada," mumewe alitamba wakila.

"Husikii harufu ya wino?"

"Rangi mpya ya ukuta hiyo, mama. Kula."

Lakini rangi haiachi alama ya dole kwenye kikombe cha mtoto. Wala kwenye pazia. Wala juu ya dari, mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu. Akamfuata mwosha maiti.

"Maiti hatoi ruhusa," mzee alimwambia. "Mkono ulikuwa wa mkweo, ila mwenyewe alishaondoka. Mumeo alibisha hodi kwenye nyumba tupu, jini akaitika karibu."

"Kwa hiyo mume wangu ni wakili wa nani?"

"Wa huyo aliyeitika. Na mwenye mali hakosi kuja kuitazama mali yake."

"Si umtoe, baba."

"Mimi naosha, sifuti hukumu. Aliyeingia kwa hati atatoka hati ikifutwa. Anayejua aseme, kabla hajaongezewa kingine."

Magharibi ile alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, akijiuliza mke anayemfichua mumewe mahakamani atalala wapi, ndipo harufu ya wino ikajaa ukumbini, nzito kama ya kitu kilichoanza kuoza, na ukutani pakaanza kusikika kitu kinene, chenye majimaji, kikigandamizwa na kubanduka, kikigandamizwa na kubanduka, kikija upande wake polepole kama mtu anayehesabu vyumba vyake, huku kutoka sebuleni sauti ya mumewe, aliyekuwa peke yake, ikiitikia kwa adabu ambayo hakuwahi kumpa hata baba yake, "Ndiyo, mwenyewe. Ndiyo. Na mtoto pia."

Kelele ukutani ikakoma.

"Unaongea na nani?" aliuliza.

"Nimeruhusiwa niamue kwa niaba yake," mumewe alijibu bila kugeuka.

Akainua mkono wa mtoto kutoka majini. Dole gumba lilikuwa zambarau.

Kulipokucha alilisugua kwa sabuni mara moja. Hakurudia. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kubisha kwa wifi yake.

"Umekuja kunicheka?"

"Vaa twende mahakamani, wifi. Mlango ulikuwa umefungwa, baba ameshakufa, na mimi nilikuwa nimesimama nje."