Kadi Mbili za Ubatizo

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumanne, kocha Fredi alifungua faili la timu na kuhesabu vyeti mara tatu. Mara zote vilikuwa kumi na saba. Wachezaji walikuwa kumi na wanane.

Faili lilikaa kwenye droo, ndani ya ofisi ya shule moja mjini Gitega. Hapo ndipo wasichana wa timu ya chini ya miaka kumi na saba walipopewa malazi kwa ajili ya Michezo ya Kanda. Saa sita mchana vyeti vyote vilitakiwa mezani kwa wakaguzi, na asiye na cheti hachezi. Kilichokosekana kilikuwa cha Lucia, kipa wa kwanza, binti wa Muyinga. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, glovu mkononi, analia bila kujificha.

Saa mbili alifika Letisia, mpelelezi wa polisi, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa karanga na udadisi usio na dawa. Wenzake walikwepa kukaa naye meza moja harusini kwa sababu ya maswali yake.

"Ofisi iko inafungwa?" aliuliza.

"Inafungwa, afande. Ufunguo unaning'inia jikoni, maana mchele na sukari tunaweka humu humu."

"Na karatasi zingine, zilivurugwa?"

"Hata kidogo. Zimepangwa kwa namba za jezi, ya Lucia ilikuwa juu kabisa. Kumi na sita ni vyeti vyeupe vya serikali. Mbili ni kadi za buluu za ubatizo, za kambi ya wakimbizi Tanzania: ya Lucia na ya Kasilda, mshambuliaji wetu. Ya Kasilda ipo."

Letisia alitafuna karanga. "Jana kulitokea kitu gani hapa?"

"Jioni mkaguzi alikuja kututangazia masharti. Wenye kadi za kambini watapigwa picha ya mifupa ya mkono. Timu ikikutwa na umri wa uongo inafukuzwa yote. Alisema pale uani. Walisikia wasichana, mpishi wetu Adventina ambaye ndiye mama yake Kasilda, na Zihalirwa aliyeleta soksi."

Jina la Zihalirwa lilipotajwa, wasichana walitazamana. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kivu ya Kusini, Kongo, mke wake mtu wa Giheta, jirani na Gitega, na binti yao Merveille ndiye kipa wa pili. Lucia akitoka, Merveille anaingia. Yeyote angemshuku.

Letisia alimhoji saa tatu kasoro dakika kumi.

"Batu banasema ni mi niliiba," Zihalirwa alianza kabla hajaulizwa. "Madamu, mi niliacha soksi ku meza, nikaenda. Mutoto yangu akicheza, acheze juu anajua kudaka, hapana juu ya wizi."

Letisia aliandika maelezo na kumsukumia karatasi asaini. Zihalirwa alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kwa dakika sita.

"Hapa unaandika soksi makumi mbili. Mi nilileta kumi na munane."

Letisia akasahihisha. Kisha akaenda jikoni kwa Adventina, ambaye alikuwa akichagua maharage. Alisema alipika, akaosha sufuria, akalala. Aliposukumiwa karatasi yake alichovya dole gumba kwenye wino na kubonyeza, bila kuitupia jicho.

Letisia alirudi ofisini akalifungua faili. Mtu anayesoma angechukua hasa karatasi aliyoitaka. Asiyesoma angefuata rangi: angeona buluu ya kwanza, angeichukua na kuondoka. Je, kama hakuna aliyeitaka karatasi ya Lucia?

Saa nne na dakika tano alipiga simu Muyinga, kwa Venansi, ambaye namba yake alipewa na Lucia, mkulima aliyeishi kambini na familia ya Lucia na ya Kasilda na kurudi nazo.

"Mama Riziki hajambo huko?" Venansi aliuliza.

"Mama Riziki ni nani, mzee?"

"Si Adventina? Mtoto wake wa kwanza ni Riziki. Yule mdogo alifia kambini kwa homa, mwaka 2007. Sisi ndio tuliomzika."

"Huyo mdogo alikuwa anaitwa nani?"

"Kasilda."

"Kasilda iko hapa. Jana alifunga mabao mawili mazoezini."

"Afande, mimi nilikuwa nakueleza habari za mahindi," alisema Venansi, akakata.

Saa tano na robo Letisia aliingia jikoni na Fredi, aliyebeba faili. Binti mwenye jezi namba tisa, yule mshambuliaji, alikuwa mlangoni.

"Mama Riziki," alisema Letisia.

Adventina aliacha maharage.

"Mi niko nauliza tu. Ulitaka kadi ya mtoto wako, ukachukua ya Lucia. Kwa nini?"

"Kibanda chetu kiliungua kambini, na kadi ya Riziki ikaungua humo," Adventina alisema taratibu. "Ya Kasilda ilipona. Tulipoandikishwa kurudi, mtoto aliye hai hakuwa na karatasi, na aliyekufa alikuwa nayo. Nikavuka mpaka wa Kobero na Riziki kwa jina la mdogo wake, miaka miwili pungufu. Nilidhani ni jambo la siku ile tu. Jana nikamsikia mkaguzi. Timu nzima ifukuzwe kwa ajili yangu? Nikasema kadi ipotee, mwanangu aachwe kimya kimya, wenzake wacheze. Nikaona buluu, nikajua ni yake. Asubuhi nasikia anayelia ni Lucia."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema ya Lucia, ningesema na ya Riziki."

"Umeichoma?" Fredi aliuliza, sauti imempanda.

"Niliiweka motoni, nikaitoa. Nilidhani ina jina la Kasilda. Sina kitu kingine chake."

Aliingiza mkono ndani ya gunia la maharage na kuitoa. Kona moja ilikuwa nyeusi, lakini jina la Lucia lilisomeka. Fredi akainyakua.

"Kocha, nifute kwenye orodha," alisema binti mlangoni, machozi yakimtiririka. "Mimi ni Riziki. Nina miaka kumi na minane."

Fredi alitoa kadi ya Kasilda kwenye faili, akaiweka mbele ya Adventina, akakimbia na ya Lucia kwa wakaguzi. Saa sita kasoro dakika tano wachezaji kumi na saba walisimama mbele ya wakaguzi, Lucia wa kwanza.

Jikoni, Adventina aliishika kadi ya buluu kwa mikono miwili.

"Nisomee, afande. Sijawahi kusomewa."

Letisia alisoma: Kasilda, aliyezaliwa Machi 2003, aliyebatizwa Pasaka mwaka huohuo, mama yake Adventina.

"Na kufa kwake kumeandikwa wapi?"

"Hakukuandikwa, mama."

"Hakuna mahali?"

"Hakuna."

"Basi andika wewe. Si una karatasi?"

Letisia alivuta fomu yake ya polisi, ile ya kuandikia maelezo ya wezi, akaandika jina la Kasilda juu kabisa. Akauliza siku, saa na mahali alipozikwa, na Adventina akajibu kila swali.