Ndoo Yatima ya Kitanga

Immakulata alikaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Zamani kazi hii ilimchukua muda mfupi tu. Siku hizi maji ya kuyapikia yalichemka mpaka yakakauka kabla hajamaliza. Karibu kila punje aliyoigeuza ilikuwa na tundu. Kwenye matundu mengine mdudu mwenyewe alichungulia, bila haya.

"Mama, maharage yana macho," alisema binti yake, Elise.

"Ndiyo. Yanatutazama tunavyohangaika."

Immakulata alikuwa mkulima hodari wa Kitanga, wilayani Kasulu. Shamba lake lilizaa vizuri. Taabu ilianza baada ya mavuno. Maharage yakiingia ndani, wadudu waliyabungua. Na haya ya kwenye ungo hayakuwa ya kula tu. Humo ndimo alimotegemea kupata mbegu pia. Mvua zikianza, angepanda nini?

Mumewe, Fidele, aliamini majivu. Jirani yao Anaclet aliamini pilipili ya unga. Wengine walinunua dawa mjini Kasulu. Kila mmoja aliapa kuwa njia yake ndiyo njia, na kila mmoja alikula maharage yenye matundu.

Siku ya gulio alikuja Asmahani. Ni binti wa Kasulu mjini, amesomea kilimo. Alikuwa amefanya kazi kwenye kituo cha utafiti mkoa mwingine, na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Immakulata alimwonyesha ungo wake.

"Dada, wewe umesoma. Njia ya kweli ni ipi?"

"Zipo njia ninazozijua," alisema Asmahani. "Lakini kwa maharage yenu, na unyevu wa huku milimani, ipi inafaa zaidi? Sijui. Lazima ijaribiwe."

"Ijaribiwe na nani?"

"Na sisi. Tufungue kituo chetu cha utafiti hapahapa Kitanga."

Fidele alicheka mpaka akashika tumbo. "Kituo cha utafiti! Na makoti meupe tutavaa?"

"Utavaa hilohilo shati lako, shemeji. Utafiti ni kuuliza swali, kujaribu kwa haki, kuandika ulichokiona, na kusema kweli hata kama hukuipenda."

"Na nani atatoa fedha?"

"Wengi, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba."

Wanakijiji walikutana. Wakakubaliana kila kaya itoe maharage sado moja, yaani kindoo kimoja cha kupimia. Mengine yatajaribiwa, mengine yatauzwa kununua vyombo. Ndugu walioko Dar es Salaam na Mwanza walichangia kwa simu. Kamati ilichaguliwa. Katiba ya kikundi ikaandikwa, ikapelekwa kwa mtendaji wa kata na kwa afisa maendeleo ya jamii, na kikundi kikasajiliwa. Immakulata alitoa chumba kimoja cha nyumba yake. Tena alitoa sado yake kutoka kwenye maharage machache aliyobaki nayo yasiyo na tundu.

Mzee Nurudini, mwenye duka la pembejeo mjini, ni baba mdogo wa Asmahani. Aliposikia habari hizi, alikuja kwa pikipiki.

"Mwanangu, kwa nini mnahangaika? Nitalipia kila kitu. Nyinyi mtaje tu dawa yangu kwanza."

"Asante sana, baba mdogo," alijibu Asmahani. "Ila hapa hakuna anayetoa zaidi ya mwenzake. Ukilipia kila kitu, na dawa yako ikashindwa, nani atathubutu kusema?"

Nurudini alikuna ndevu. Kisha akacheka. "Haya. Sado yangu moja hii hapa. Umenifunga mdomo kwa heshima."

Asmahani alichanganya maharage yote pamoja, akayagawa sawasawa kwenye vyombo. Ndoo ya majivu. Ndoo ya pilipili. Ndoo ya dawa ya dukani. Dumu la kufungwa kabisa, hewa isiingie. Ndoo ya mwisho aliiachia maharage matupu, bila dawa.

"Hii mbona haina dawa?" aliuliza Anaclet.

"Ni ya kulinganisha. Tusipoona maharage yaliyoachwa hivihivi yanakuwaje, tutajuaje kama dawa imesaidia?"

Watu walitikisa vichwa kukubali. Bibi Ndayikunda, mama yake Fidele, alisikitika. "Maskini ndoo hii. Wenzake wana walezi, yenyewe mmeiacha yatima."

Jina likashika. Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kwa sababu huku kwetu mtu hampiti yatima mikono mitupu. Kituo kilikuwa cha wote, na mlango haukuwa na kufuli. Mtu akitoka shambani, aliingia kutazama kituo chake.

Siku ya kufungua vyombo ilifika. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Ndoo ya majivu ilikuwa na matundu machache. Ya pilipili ilikuwa na matundu mengi. Ya dawa, machache pia. Dumu lilikuwa safi. Asmahani akafunua ndoo yatima. Nayo ilikuwa safi!

"Kumbe dawa ya kweli ni uvivu!" alipiga kelele Fidele. Watu walivunjika mbavu.

Asmahani hakucheka. Aliinama juu ya ndoo, akapiga chafya. Akatazama vizuri. Maharage yalikuwa na vumbi la kijivu.

"Nani ametia kitu humu?"

Bibi Ndayikunda akasimama.

"Ni mimi, mwana wanje, mwanangu. Nilitia majivu. Roho iliniuma."

Anaclet alikohoa. "Nami nilitia pilipili. Kidogo tu."

Mzee Nurudini alikuwa anatazama dari. Asmahani akamtazama yeye.

"Haya, haya," alisema Nurudini. "Dawa kijiko kimoja. Nilimhurumia."

"Na vyombo vingine?" aliuliza Asmahani. Vichwa vikainama. Kumbe kila aliyepita aliongeza chake palipomvutia.

Asmahani aliagiza maharage ya vyombo vyote yasiliwe, maana huenda yana dawa, bali yafukiwe. Fidele alimvuta mkewe pembeni.

"Mama Elise, tuseme tu dumu limeshinda. Watu wamechoka. Tukisema tumeharibu, hakuna atakayechanga tena."

Immakulata aliogopa. Alijua mumewe huenda anasema kweli. Kituo kikifa, mbegu zake zilizotolewa zimekwenda bure. Hata hivyo alisimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu, jaribio limeharibika. Tumeliharibu wenyewe, kwa huruma. Hatujui njia ipi imeshinda. Mimi nitapanda kwa neno litakalotoka humu, na watoto wangu watakula kwa neno hilo. Sitaki neno la kubahatisha. Naomba tuanze upya."

Mtu mmoja alitoka, akafuata mwingine.

Bibi Ndayikunda naye alitoka. Akarudi na sado ya maharage kichwani, akaitua katikati ya chumba. "Kosa langu, sado yangu," alisema. Anaclet akakimbilia nyumbani kwake. Wale waliotoka wakaanza kurudi, kila mmoja na sado yake. Immakulata alilia mbele za watu wala hakujificha. Mzee Nurudini akaleta kufuli, bila kuombwa.

Mvua zilikuwa karibu, hivyo sado zile zilipandwa kwanza, na msimu ule Immakulata alipanda mbegu za kupewa na majirani. Baada ya mavuno, jaribio lilianza upya kwa maharage mapya, na ndoo yatima mpya. Ufunguo alikabidhiwa Bibi Ndayikunda. Mlinzi mkali kama yeye hujapata kumwona! Hata Fidele, mwanawe, alimfukuza.

Safari hii Asmahani aliwafundisha kwanza kukausha. "Weka maharage kwenye chupa kavu, tia chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado yana unyevu. Yarudishe juani. Isipoganda, yajaze kwenye dumu mpaka juu, kaza mfuniko, usifungue ovyo. Wadudu wakikosa hewa, hufa."

Vyombo vilipofunguliwa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Majivu yalisaidia kiasi. Pilipili ilisaidia kidogo sana. Dawa ilisaidia, lakini mtu asipofuata maelekezo yake ni hatari kwa walaji. Maharage ya dumu yalikuwa safi yanang'aa. Anaclet aliaga pilipili yake kwa heshima. Nurudini siku hizi anauza madumu yenye mifuniko mizuri. Na watu wa kijiji cha Nyabibuye wamekuja na sado zao, wana swali la mihogo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Immakulata alijaza kikapu mbegu zisizo na tundu hata moja. Akamshukuru Asmahani, akawashukuru majirani, jina kwa jina. Fidele alibeba ile ndoo yatima mpya, ambayo safari hii hakuna aliyeigusa, akaimwage. Ndani hamkuwa na maharage tena. Mlikuwa na unga na wadudu.

"Ngoja," alisema Bibi Ndayikunda. Aliiweka mikono yake miwili juu ya ndoo ile.

"Urakoze, yatima," aliiambia. "Asante. Wewe umeliwa ili sisi tule."

Kisha akachukua jembe, akamfuata mkamwana wake shambani.