Kundi la Maandishi Makubwa

Kwaruu. Kwaruu. Kikombe cha bati kilikuwa kikikwaruza chini ya pipa gizani. Wanjira aliusikia mlio huo akiwa bado amejifunika blanketi, akajua maana yake. Maji yamekwisha, na zamu ya kwenda bombani ni yake.

"Wanjira, amka mwanangu," mama yake alimwita kwa sauti ya chini ili asimwamshe Ndegwa, mdogo wake. "Foleni itakuwa ndefu."

Mama huyo alikuwa akifagia ofisi katikati ya jiji mchana, na jioni akisoma darasa la watu wazima. Saa za alfajiri ndizo zilizokuwa zake na watoto wake. Wanjira alivaa sweta, akabeba mtungi, akatoka.

Bombani wanawake wa ploti, ua wa nyumba za kupanga walimoishi, walikuwa wamekwisha kupanga mitungi yao. Wa tatu kwenye foleni alikuwa Syokau, muuza mandazi, na kando yake alisimama mwanawe Shem, mwenye miwani minene kama chini ya chupa. Shem alikuwa wa darasa la saba, sawa na Wanjira.

"Syokau," alisema Mama Becky, jirani yao mwenye sauti kubwa, "mtungi wako uweke kule kando."

"Kando kwa nini? Si nimefika kabla yako?"

"Kwani hujui? Mtoto wako ana macho ya kuambukiza. Anajifuta macho, halafu anashika mtungi, nasi tunashika bomba hilo hilo. Sisi tuna watoto, mama."

"Nani amekwambia hayo?"

"Mtaa mzima wa Kangemi unajua! Mwenye nyumba naye ameambiwa. Mwisho wa mwezi mtatafuta pengine."

Syokau aliinama, akauvuta mtungi wake hadi ukutani. Hakuna aliyemtetea. Shem aligeuza uso huku na huku akizifuata sauti, kana kwamba alitafuta moja iliyo upande wake.

Wanjira aliinamia mtungi wake. *Anajifuta macho, halafu anashika.* Maneno hayo aliyajua vizuri. Yalikuwa yake.

Yalianzia kwenye klabu ya kompyuta. Kila Jumamosi watoto walikusanyika katika ukumbi wa kanisa, ambako Bwana Nzomo na Bi Ajwang walifundisha kwa kujitolea. Kompyuta zilikuwa tano tu, kuukuu, zilizokuwa zimetupwa na ofisi za mjini. Kwa kuwa kila mtoto alikuwa na jambo alilolipenda, Bwana Nzomo aliwaambia wajigawe katika makundi, kila kundi lichague kiongozi na lipewe mashine yake. Wengine walianzisha kundi la uchapaji, wengine la ukarabati, wengine la michezo. Wanjira aliongoza kundi la michoro.

Kundi la tano lilikuwa la Shem. Shem alizaliwa na ugonjwa wa macho, na kila mwaka uoni wake ulipungua. Vitabu vilikuwa vimemshinda. Lakini kwenye kompyuta herufi huweza kukuzwa kadiri mtu apendavyo, basi yeye na wenzake watatu wakaanzisha Kundi la Maandishi Makubwa. Kazi yao ilikuwa kuchapa hadithi na masomo ya shule ili Shem ayasome mwenyewe. Wakati huo Debra, msichana mpole aliyechapa upesi kuliko wote, alikuwa akimchapia kutoka kitabuni hadithi ya mbuzi aliyepotea siku ya mvua. Kila Jumamosi aliongeza sehemu moja.

"Mbuzi atapatikana?" Kitonga, mtani wa klabu, aliuliza siku moja. "Ngoja nikwambie, mimi nimesoma mpaka mwisho."

"We! Thubutu!" Shem alimkatiza huku akicheka. "Ukiniambia nitakufukuza na fimbo. Nitasoma mwenyewe."

Watoto walikuwa wamepitisha kanuni moja kwa kura. Kundi likibaki na watu chini ya wanne, mashine yake ichukuliwe na kundi lenye watu wengi zaidi. Kundi lenye watu wengi zaidi lilikuwa la michoro. Walikuwa wakisukumana kwenye mashine moja, na kabla hujamaliza kuchora hata paa la nyumba, mwenzako ameshakunyang'anya kipanya. Wanjira aliitamani mashine ya pili mpaka akawa anaiota.

Ndipo siku moja alipomvuta Debra mlangoni.

"Debra, huogopi? Macho ya Shem yanaambukiza. Anajifuta macho, halafu anashika kibodi hiyo hiyo unayoshika."

"Acha mchezo, Wanjira."

"Haya, kaa tu. Mimi nimekwambia kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

Debra aliitazama mikono yake. Jumamosi hiyo alihamia kundi la michoro, na iliyofuata wenzake wawili wakaondoka pia. Bi Ajwang aliuliza kulikoni, kila mtoto akaangalia chini. Kanuni ilikuwa kanuni. Mashine ilihamishwa, na Shem akaenda nyumbani akipapasa ukuta. Hakurudi tena.

Wanjira alifikiri mambo yameishia ukumbini. Hakujua kwamba Debra alimwambia dada yake, dada akamwambia jirani, na jirani akalibeba neno hilo mpaka sokoni. Shuleni Shem aliachiwa dawati peke yake. Mandazi ya Syokau yakaanza kulala kwenye beseni.

Asubuhi hiyo Wanjira alirudi na mtungi mtupu kabla zamu yake haijafika, akakuta Ndegwa analia. Mama alikuwa amemshika kichwa na kumwosha macho kwa maji ya chumvi, yale machache yaliyobaki pipani.

"Tulia, Ndegwa. Jana ulikula andazi kwa Mama Shem, na mimi nimeambiwa mtoto wake ana nini machoni."

"Yananiwasha, mama! Shem si mgonjwa! Ni rafiki yangu!"

"Na wewe, Wanjira, usikae karibu na mtoto huyo. Unasikia?"

Wanjira aliuweka mtungi chini. Ndegwa alikuwa akipepesa macho mekundu, mekundu kwa chumvi tu.

"Mama, muache. Macho ya Shem hayaambukizi."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ni mimi niliyesema. Nilitaka mashine yao."

Mama aliliacha taulo likaanguka. Alikaa kitandani polepole.

"Ulimwambia nani?"

"Debra. Debra peke yake, mama, naapa."

"Debra peke yake," mama alirudia. Alimvuta Ndegwa kifuani, akamfuta uso kwa kiganja. "Mama wa watu anafukuzwa nyumba. Mimi mwenyewe nimemtesa mtoto wangu."

Wanjira alitarajia kofi. Halikuja.

"Jumamosi nitaandika kwenye kompyuta," alisema kwa haraka. "Niandike kwamba ni uongo, tuuchapishe, tuubandike ukutani kila mtu asome."

"Hapana. Uongo ulitoka kinywani mwako, na ukweli utatoka humo humo. Twende. Foleni bado ipo."

Mama alimshika mkono. Hakumburuta, alimshika tu kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka barabara. Mbele ya bomba Wanjira aliiangalia mitungi, akauona mmoja umesimama peke yake ukutani.

"Shem hana ugonjwa wa kuambukiza," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sema wasikie," mama alisema.

"Shem hana ugonjwa wa kuambukiza! Nilidanganya. Nilisema hivyo ili wenzake wamkimbie, sisi tupate kompyuta yao."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye mtungi uliokuwa umekwisha kujaa. Mwanamke mmoja alifyonza, mwingine akasema, "Watoto wa siku hizi!" Mama Becky aliondoa mkono kiunoni, akalifunga bomba. Lakini mwanamke mwingine aliusogeza mtungi wake mbali kidogo na ule wa Syokau, kwa sababu hofu ikishaingia haitoki kwa neno moja.

Syokau hakumtazama Wanjira. Aliuchukua mtungi wake, akaurudisha mahali pake kwenye foleni, wa tatu.

Ni Shem aliyeongea. "Wanjira? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nisamehe, Shem."

Shem aliirekebisha miwani yake. "Nilidhani Debra amenichoka," alisema.

Wanjira alimsogelea. "Nikwambie mbuzi alipatikana au la?"

"Usiniambie," alisema Shem kwa ukali.

Jioni ile mama hakwenda darasani. Yeye na Wanjira walikwenda kwa mwenye nyumba, na Wanjira akarudia maneno yale yale. Mzee alinung'unika sana, lakini akakubali Syokau abaki.

Jumamosi Wanjira alisimama mbele ya klabu nzima, akasema tena. Debra alilia kwa sauti. Kitonga, mwenye mzaha kila siku, alimsogelea akamshika bega. Bwana Nzomo alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena kabla ya kusema.

"Wanangu, ugonjwa wa Shem ni wa kuzaliwa nao. Huupati kwa kibodi, wala kwa bomba, wala kwa andazi. Kabla ya kumkimbia mtu, ulizeni anayejua, mwulizeni daktari. Wanjira, ulitaka mashine ukaipata, lakini tazama waliolipa. Neno la uongo ni lako kabla hujalisema tu. Likishatoka, huwezi kuliita likarudi. Umelikiri mwenyewe, na hilo ni jambo la maana. Lakini kukiri si mwisho wa kazi. Ulichobomoa, ukijenge." Kisha akawageukia wote. "Nasi wakubwa tumekosa kwa kuiruhusu kura yenu bila kuitafakari. Kanuni yetu ilihesabu vichwa, haikuuliza nani anaihitaji mashine kuliko wengine. Kuanzia leo, kundi halitavunjwa kabla ya kuulizana hilo. Mnakubali?"

Mikono yote iliinuka. Wanjira na Kitonga waliibeba mashine wenyewe na kuirudisha mahali pake. Wanjira aliuacha uongozi wa michoro, akaomba kujiunga na Kundi la Maandishi Makubwa. Debra, aliyekuwa amekwisha kurudi humo, alimsogezea kiti. Hakumtabasamia, lakini alimsogezea.

Shem hakuja Jumamosi hiyo, wala iliyofuata. Alipokuja, aliletwa na mama yake akimshika mkono. Zamani alikuwa akija peke yake. Syokau alimkalisha kitini, akasimama nyuma yake.

Debra alifungua hadithi. Wanjira ndiye aliyekuwa ameichapa sehemu ya mwisho, neno kwa neno, akiirudia kila alipokosea. Herufi zilikuwa za ukubwa ule wa siku zote.

Shem aliusogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Hazipo," alisema.

Debra na Wanjira walitazamana. Maandishi yalikuwapo, meusi, makubwa.

"Nikuze?" Wanjira aliuliza.

"Kuza."

Alikuza. "Sasa?"

"Bado."

Alikuza tena, na tena, mpaka kioo kizima kikabeba maneno mawili tu kwa wakati mmoja. Wanjira aliuma midomo. Majuma yale Shem aliyokaa nyumbani, uoni wake ukizidi kufifia, hayangerudishwa na mtu yeyote, hata aombe radhi mara ngapi.

"Hapo," Shem alisema. "Usiguse tena. Sogeza polepole."

Aliweka kidole kwenye kioo. Hata kundi la michezo liliacha mashine yake likaja kutazama. Wanjira alisogeza maneno mawili, kisha mawili mengine, na midomo ya Shem ikayafuata bila sauti mpaka nukta ya mwisho. Alirudi nyuma kitini. Kisha akausoma mstari wote kwa nguvu, ili na mama yake asikie.

"Mbuzi alipatikana chini ya daraja, akiwa hai."