Mkono Mdomoni

Zama zile mfalme mpya wa Bengala alipowafukuza askari wa Kihabeshi, wao waliokuwa ngao ya kiti kilekile alichokalia, hakubagua Mhabeshi wa kweli na mtoto wa Pate. Mweusi ni mweusi, toka! Shukrani ya punda ni mateke, na ya wafalme ndiyo hiyo hiyo. Ndivyo Shale bin Omari, aliyeuzwa huko utotoni pamoja na mdogo wake Badi, alivyojikuta akipanda milima ya Bhoti, kaskazini mwa Bengala, Badi yu mgongoni, na jeraha la mkuki ubavuni mwa mdogo huyo limeanza kunuka.

Nchi ile, jamani, ilikuwa na amani ya kukera! Shale alizoea nchi ambazo mgeni huulizwa hali kwa ncha ya mkuki. Hapa watu walimpisha njiani wakitabasamu, wakizungusha magurudumu yao ya sala, na watawa wa majoho mekundu wakamnywesha Badi maji bila kuuliza dini yake. Aliyewaongoza ni Ugyen, mchukuzi wa chumvi aliyejua Kibengali.

"Kaka, nitapona?"

"Utapona. Bwana wa ngome ana mganga, tena ana moto. Theluji i karibu, na hatuna pengine pa kwenda."

Bwana wa ngome, mzee mnene aliyevaa hariri ya manjano, aliwapokea ukumbini mbele ya sanamu ya Buddha. Shale alipiga goti, akamnyooshea upanga wake wa mpini wa fedha, kitu pekee alichobaki nacho duniani.

"Bwana wangu, pokea upanga huu. Naomba ndugu yangu alale karibu na moto wako."

Ugyen alifasiri. Bwana akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi nyuma kidogo. "La, la. Sistahili."

Kuziba mdomo! Damu ilimpanda Shale kichwani. Aliona mtu anayekimbia uvundo wa jeraha la nduguye.

"Akufukuzaye hakwambii toka," alisema, na kabla Ugyen hajafumbua kinywa, alikwishambeba Badi akatoka naye. Lo, kiburi cha kiungwana hicho!

Theluji iliwakuta juu mlimani. Badi aliomba maji, kisha hakuomba kitu tena. Ugyen alipowafikia akihema, na nyuma yake mganga na watawa wenye machela, Shale alikuwa ameketi amempakata maiti.

"Kwa nini hukumpa tena?" Ugyen alifoka huku akilia. "Zawadi hukataliwa kwanza, mdomo umezibwa, ndiyo adabu! Unampa tena, anakataa. Unampa tena, anapokea. Godoro lilikwishatandikwa!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie? Nani asiyefunzwa hilo na mamaye?"

Shale yeye mamaye alimfunza kwamba muungwana haombi mara mbili.

Watu wa nchi ile huchoma maiti wao. Lakini bwana aliposikia kwamba wa kwao Shale huzikwa, alishuka mwenyewe hadi langoni, machela ya Badi ilipotuliwa.

"Chukua ardhi hapa, umlaze nduguyo."

Kilio kilimjaa Shale kooni. Akaziba mdomo kwa kiganja ili kisitoke.

Bwana alipouona mkono ule, aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Chukua ardhi," alisema tena. Akangoja. "Nakusihi, chukua."