Mkono wa Kulia wa Koti

Koti lilianza kunuka saa nne asubuhi, katikati ya zogo la Zhanxi, soko la nguo la Wachina, na Albina akasingizia mfereji.

Alikuwa amelipata asubuhi hiyo hiyo kwa muuza vitu vya kale: koti zito la buluu la baharia Mwingereza wa enzi za meli za tanga, na kifuani nishani iliyoandikwa mwaka 1857, ya ushujaa vitani. Mkono wa kulia ulikuwa na doa la kahawia, gumu kama ukoko wa ugali. Mwenye akili angetema mate akapita. Lakini Albina, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mbeya, aliona mtindo mpya. Tamaa mbele, mauti nyuma. Akalipeleka kiwandani likawe sampo ya kushonea mengine, na kama wenzake wote wanaoogopa kupunjwa, akamkazia bosi: "Laoban, yote sawa na sampo! Usibadilishe hata uzi."

La kwanza lilishonwa kwa siku mbili. Albina akampa Lucas, mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa anapanda ndege kurudi Mbeya, alifikishe kwa mama mzazi wa Albina, dukani Mwanjelwa. Siku tatu baadaye, sampo yenyewe akamvalisha mdogo wake Kissa, ampige picha za kuwatumia wateja.

Picha ya tatu, Kissa akakunja uso. "Dada, humu mkononi pana maji."

"Jasho lako hilo. Geuka."

"Siyo jasho," akanong'ona. "Linatembea."

Kissa akataka kulivua, vifungo vikagoma. Albina akavuta, akavuta tena, na mkononi mwa koti ukachuruzika usaha wa kijani, wa uvuguvugu, ukamdondokea vidoleni pamoja na funza weupe waliojinyonganyonga, na harufu ya nyama iliyolala juani ikamjaa kooni hadi akatapikia viatu vyake mwenyewe, huku kinywani mwa Kissa ikitoka sauti nzito ya kiume, ikisema polepole: "Mkono wangu ulioza, nikaendelea kupiga mzinga. Wakanipa nishani. Mkono wakautupa mtoni hapa. Nipeni mkono."

Albina akamwita Athanase, wakala wa mizigo Mkongomani ambaye Jumapili huombea watu.

"Mtumishi, niokolee mdogo wangu! Huku sina ndugu mwingine."

Athanase aliziba pua kwa leso. "Mama Albina, mulinunua koti pamoja na mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Tumupeleke mtoni. Mukono wake uko kule, haiko kwa huyu mutoto."

Ukingoni mwa Mto Lulu, unaopita mjini, Athanase aliomba hadi sauti ikamkauka. Vifungo vikaachia kimoja kimoja. Koti likazama, mapovu yakapanda, nayo yakanuka. Mkono wa Kissa ulitoka umekunjamana, unateleza, lakini ulikuwa mzima. Albina akaubusu hivyo hivyo, kinyaa na yote, akalia.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa sauti ya mama yake kutoka Mbeya.

"Albina mwanangu, koti alilolileta Lucas nimelipata. Hilo doa mbona hamkulifua? Nimelijaribu, sasa vifungo havifunguki. Halafu huku mkono wa kulia, mama, kuna kitu kinatembea."