Kilima Kilichopandishwa Cheo

Siku ile mjinga alikuwa Lerionka, na tuliseme mapema, tusije tukamsingizia punda. Punda wa watu alikuwa amebeba bendera na darubini ya Bwana Mpimaji, Mjerumani mmoja mwenye masharubu, akipita zake katikati ya soko la Ngaramtoni kwa adabu. Aliyekuwa akitembea kinyumenyume huku akiwapungia watu mkono ni Lerionka, kibarua wa Bwana, koti kuukuu la kaki juu ya shuka, vifungo vikimeta. Kisigino kikazama kwenye kibuyu cha maziwa.

Mwenye maziwa akainuka. Alikuwa Nashipae, msichana mrefu, shanga mpaka mabegani, nyaya za shaba zikilia alipojishika kiuno.

"Wewe wa koti! Macho yako yako kisogoni?"

"Yangekuwa kisogoni ningekuona mapema, dada, nisingeumia hivi."

"Umeumia wapi?"

"Moyoni."

"Basi moyo wako uko kisiginoni, maana ndicho kinachonuka maziwa."

Soko likaangua kicheko. Lerionka alicheka kuliko wote, na tangu hapo hakukosa gulio. Ikawa kila anapotumwa kileleni kushika bendera ya kupimiwa, anaipunga kidogo kuelekea shamba la akina Nashipae. Naye anajibu kwa kupeperusha upande wa shuka. Bwana Mpimaji, jicho kwenye darubini, alifoka hadi sauti ikamkauka: "Bendera itulie!"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilitaka kila mwinuko wa chini ya Meru upimwe. Ukifika kimo fulani, uandikwe mlima. Usipofika, ubaki kilima. Jioni moja Lerionka akamsikia Bwana akisema kwamba mwinuko ule ambao akina Nashipae walilima migomba ubavuni mwake umepungukiwa kimo cha mtu tu.

Ikamchoma. Kwao Waarusha, rika likipandishwa hupewa heshima na viti vya mbele kwenye pombe. Kilima cha mchumba wake kibaki kijana kwa nini? Kesho yake akapanga mawe kileleni, akayafunika kwa majani, akasimamisha bendera juu yake. Darubini ikapima, kalamu ikaandika. Mlima!

Jioni, kazi ilipokwisha, akashuka mbio. "Kipenzi, nimekuletea zawadi ambayo hajawahi kupewa msichana yeyote. Kilima chenu sasa ni mlima!"

Nashipae hakucheka. Jembe lilimteleza mkononi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi! Nilipanga mawe..."

"Askari ametoka hapa sasa hivi. Vilima wanatuachia. Milima yote ni msitu wa serikali, hailimwi wala hailishwi mbuzi. Tumeambiwa tuhame kabla ya mvua."

"Mimi nilidhani ni heshima."

"Mama yangu akaipike hiyo heshima? Usinipungie tena, Lerionka."

Asubuhi akapunga bendera kutoka kilima cha pili. Kule bondeni Nashipae alimgeuzia mgongo, akaendelea kung'oa viazi ambavyo havijakomaa. Kumbe mgongo wa mtu unaweza kuonekana mbali hivyo! Lerionka alijua dawa ya jambo lile, na alijua pia ladha yake: anayemdanganya Mjerumani hulambwa kiboko. Akaikunja bendera, akateremka.

"Bwana, ule mlima una mawe yangu chini ya bendera."

Bwana Mpimaji alimtazama kama anayetazama darubini iliyoanza kuongea. Akapanda mwenyewe, akayapiga mawe teke, akapima upya. Kilima. Kisha akamwita askari.

Nashipae alimkuta mtoni, amelala kifudifudi juu ya jiwe la baridi.

"Koti liko wapi?"

"Limerudi kwa mwenyewe. Na kazi nayo."

"Na huo mgongo?"

"Huu wameniachia. Walisema umechakaa."

Nashipae akacheka, halafu machozi yakashinda kicheko. Alikuwa amekuja na mafuta ya kondoo. Akampaka taratibu, nyaya za shaba zikilia kidogo kidogo.

"Asante, Lerionka."

"Asante ya kukupa mlima, au ya kukunyang'anya?"

"Ya kuninyang'anya, mpuuzi wangu. Mama amerudishia viazi udongo. Tangu tulipoambiwa tubaki anaimba."

"Basi nikipona nitakuja na asali. Mtanipokea?"

"Njoo. Lakini utembee ukitazama mbele."

Alikuja, kibuyu cha asali mkononi, shuka jipya jekundu begani. Naipanoi, mama yake Nashipae, alikuwa mekoni na ndizi za kuchoma. Lerionka akainamisha kichwa kwa salamu. Mama akakiwekea kiganja, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko desturi. Aliyekunja uso ni Simel, baba mdogo wa Nashipae, aliyekaa karibu na jiko kuliko wote.

"Asali nimeiona," alisema, mashavu yamevimba. "Ila tusisahau. Tulilala na mlima, tukaamka na kichuguu! Majirani wananicheka. Mwanamume anayeshusha kilima cha wakwe zake, huyo ni wa kumpa binti?"

Nashipae akafungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia, koleo la kugeuzia ndizi mkononi.

"Shemeji, hiyo ndizi iliyokujaa mdomoni imetoka mlimani, au kichuguuni?"